Utani Si Kinga

Kila asubuhi, ikikaribia saa nne, niliiacha chai yangu mezani, nikageuza kiti na kumtazama Obedi Machumu akiteseka. Haikuwa lazima nimtazame. Mtambo ungeandika wenyewe kwamba adhabu imefika, na mimi ningetia saini jioni pamoja na nyingine zote. Lakini nilipenda. Nasema wazi kwamba nilipenda, kwa sababu watu wa kazi yangu wana tabia ya kusema wanaifanya kwa uchungu, na huo ni uongo.

Yeye alikuwa Kahama, mimi Mwanga, katika kituo cha Idara ya Staha, nikimwona kwenye kioo cha mtambo. Saa nne ilipofika aliacha alichokuwa anafanya, akashika ukingo wa meza, midomo ikaanza kumcheza. Anataka kusema na hawezi. Koo limefunga, uso unawaka moto, na anajua kwa uhakika kabisa kwamba dunia nzima inamsikiliza na inamcheka. Dakika moja na sekunde ishirini. Kisha mbegu iliyopandwa nyuma ya sikio lake inanyamaza, anajifuta jasho, anaendelea na shughuli zake. Alihukumiwa miaka mitatu ya hayo, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo.

Mateso yale hayakubuniwa na mtu. Yalikuwa ya binti yangu, yamechukuliwa kwake jinsi yalivyo na kupelekwa kwa aliyeyasababisha.

Wazee bado wanakumbuka ilivyokuwa kabla ya mbegu. Mtu akitukanwa mtandaoni aliambiwa: mpuuze, usimjibu, mzuie, zima simu ukalale. Miaka yote hiyo aliyetukanwa ndiye aliyeambiwa azime simu, na aliyetukana akabaki hewani anatafuta mwingine. Siku hizi kila mtu ana mbegu, na mbegu inapima maumivu kwa miiba. Miiba mitano ni neno la mpita njia, unalisahau ukifika sokoni. Ishirini, unakosa hamu ya kula. Kuanzia arobaini, hairejeshwi kwa mzee bila daktari kuwepo.

Mtu anakuandikia neno kwenye Ukumbi wa mtandaoni, huko ambako sasa watu wanaozesha, wanazika, wanauza mbuzi na kugombana. Ukiumia, mbegu yako inaandika. Baada ya siku tatu jalada linafika kwa mrejeshaji, yaani mimi. Ninasoma, kisha natia alama kwenye visanduku vitatu. Maneno haya yameandikwa na mtu huyu. Mtu fulani ameumia. Aliyeumia hakuyaalika maneno haya. Alama tatu zikikamilika, nabonyeza, na mkosaji anakula kile kile alichomlisha mwenzake: aliyelisha mara moja anakula mara moja, aliyerudia anakula kila siku kwa miaka.

Sheria ilitaka kisanduku cha tatu kitiwe alama na binadamu, kwa kuwa mtambo haujui nani kaalika nini. Kwa miaka miwili ya kwanza kisanduku hicho ndicho kilichotutesa. Binti yangu Namkunda ana kigugumizi. Akiwa na miaka kumi na sita alijirekodi akisoma hadithi aliyoitunga, akaiweka Ukumbini. Obedi, akijiita Mkweli Daima, akamwandikia: "N-n-n-nani kamruhusu huyu? Maneno anayatoa moja moja kana kwamba analipia." Akaandika hivyo, au mfano wa hivyo, kwa siku sitini na mbili. Siku ya sitini na tatu Namkunda aliacha kusema. Si Ukumbini tu, hata nyumbani. Akitaka chumvi ananyoosha kidole.

Obedi alipoitwa alijitetea kwa sentensi moja: "Jamani, nilikuwa natania tu, siku hizi watu hawana utani?"

Ndivyo walivyosema wote. Katika kila wakosaji kumi, wanane walikuwa wanatania tu. Nikaketi nikaandika Agizo la Kumi na Nne, lenye maneno matatu: utani si kinga. Tangu hapo, hata aliyesema alitania, kisanduku cha tatu kilitiwa alama vilevile. Wakubwa walilipenda, likapita nchi nzima. Obedi alikuwa wa kwanza kulionja.

*

Baba yangu, Mzee Sefania Mrutu, alifariki Jumanne moja nyumbani Usangi, akiwa na miaka themanini. Kufika saa mbili asubuhi kundi la msiba lilikuwa limefunguliwa Ukumbini, na ndugu kutoka pande zote walikuwa wameshaandika pole zao. Mama alikaa kwenye godoro sebuleni, mgongo ukutani. Hakuwa amelia. Hakuwa amekula tangu juzi yake. Nilimsomea pole moja baada ya nyingine, mia mbili na kitu, naye alitikisa kichwa kwa kila moja kwa adabu tupu.

Kisha ukaja ujumbe wa Mzee Ndelilio Temu.

Mzee Temu ni Mchaga. Alikuja Usangi akiwa mwalimu kijana, akahamia nyumba ya jirani yetu, na kwa miaka arobaini yeye na baba walitukanana kila siku ya Mungu, kwa kuwa Mchaga na Mpare ni watani. Sisi kwake ni mabahili na wapenda kesi. Yeye kwetu ni yale ambayo kila Mpare anayajua. Nikasita kuusoma. Mama akasema, "Soma."

"Wapare, mnasema Sefania amekufa. Siamini. Huyu aliwahi kulala hospitali wiki mbili akiwa mzima ili kesi ya jogoo wangu iahirishwe. Mchomeni sindano kwanza. Kama amekufa kweli, malaika wajiandae, kabla jua halijazama atakuwa ameshawafungulia kesi ya mpaka. Na wewe mjane, acha kujiliza. Miaka arobaini na sita ya makande imekwisha. Njoo kwangu ule nyama."

Mama akaniambia nirudie. Nikarudia. "Mshenzi huyu," akasema, akaanza kucheka. Alicheka akashika tumbo, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio bila mtu kujua ni wapi kimegeukia, akalia mpaka majirani wawili wakaja kumshika. Alilia robo saa nzima. Alipomaliza alijifuta uso kwa kanga, akaomba uji.

Nilifurahi mno. Sikuikumbuka mbegu hata kidogo.

Siku ya maziko Mzee Temu alishuka kaburini kabla ya jeneza, akalala chali na suti yake, akasema haondoki mpaka arudishiwe jogoo. Wajomba wakambembeleza, wachungaji wakatazama pembeni wakificha kucheka. Akiwa amelala mle alimwona Namkunda amesimama ukingoni. "Na wewe mbona kimya?" akampigia kelele kutoka chini. "Mpare halisi huyu! Hata maneno anayatoa moja moja kana kwamba analipia!"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Yalikuwa maneno yale yale, neno kwa neno, na nina hakika Mzee Temu hakuwahi kuyasoma popote. Namkunda akainama, akajishika magoti, mabega yakamtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"M-m-m-mchaga," akasema.

Lilikuwa neno la kwanza kutoka kinywani mwake kwa miezi kumi na minne.

*

Jalada nililikuta mezani niliporudi kazini, siku tatu baada ya maziko. Aliyeumia: Naelijwa Mrutu, mjane, miaka sabini na moja. Mkosaji: Ndelilio Temu, mwalimu mstaafu, miaka sabini na minne. Maneno yaliingia saa nne na dakika sita. Maumivu yalipanda saa nne na dakika sita. Miiba sitini na mmoja.

Mtambo hauwezi kutenganisha msiba na tusi. Kwake neno limeingia, kifua kimevunjika, basi neno limevunja kifua. Mbegu ilikuwa imechukua dakika nne nzito kuliko zote za kilio cha mama, ikamwandikia Mzee Temu.

Mkuu wangu, Bi. Tatu Semkiwa, alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akasoma, akavuta pumzi.

"Unajitoa?" akaniuliza.

"Nikijitoa jalada linakwenda makao makuu. Watarejesha sitini na mmoja yote kabla ya chai."

"Basi mama yako aseme yeye mwenyewe aliyaalika."

"Ushahidi wa aliyeumia haupokelewi. Unajua."

Alijua. Tulikuwa tumeukataa sisi wenyewe, maana wakosaji waliwatisha waliowaumiza mpaka wakaja kutuapia kwamba hawakuumia.

"Basi liondoe agizo lako," akasema Bi. Tatu. "Ni lako, una haki ya kuliondoa. Andika kwamba utani ni kinga, mzee anakwenda zake nyumbani leo hii."

"Na wengine?"

"Wengine wote waliosema walikuwa wanatania wanafunguliwa. Elfu nne na kitu. Wa kwanza kwenye orodha ni yule wako wa Kahama."

"Nitaandika utani wa makabila tu. Ule wa jadi."

"Andika nione."

Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika tena. Utani wa jadi ni upi? Nani anauthibitisha? Watani wa nani ni nani, na kwenye msiba tu au hata sokoni? Akilini nilimwona Obedi akisoma sentensi yangu huku akitabasamu. Mtu yule angepata babu wa Kichaga kabla ya Ijumaa. Na kwenye karatasi angeshinda, kwa kuwa maneno yake na ya Mzee Temu yalikuwa yale yale, na karatasi haijui nani alikuwa amelala kaburini na suti yake.

"Kuna radhi," Bi. Tatu akasema mwishowe. "Akiomba radhi hadharani adhabu inakatwa nusu. Thelathini ataiweza."

*

Nilimkuta Mzee Temu anapaka rangi mlango wa choo chake. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaanza.

"Mpare kaja na mkoba! Umeniletea wito wa mahakama?"

"Nimekuletea kweli, Mzee."

Nikamweleza. Alisikiliza huku anaendelea kupaka, taratibu, akifuata mstari wa ubao. Nilipofika kwenye sitini na mmoja aligeuka.

"Mama yako kanishtaki?"

"Mama hajui lolote. Mbegu yake ndiyo imeshtaki."

Akacheka mpaka rangi ikamdondokea kiatuni. "Mpare bwana! Hata mbegu ukimpandia inajifunza kushtaki!"

"Mzee, nisikilize. Andika Ukumbini kwamba unaomba radhi. Mstari mmoja unatosha, nitakusaidia kuuandika. Nitapunguza nusu."

Hapo aliweka brashi chini. Sikuwahi kumwona Mzee Temu akiwa hana mzaha usoni, na sura yake bila mzaha ilikuwa ya mtu mwingine, mzee zaidi.

"Radhi ya nini?"

"Ya yale uliyoandika."

"Nikiomba radhi, binti yangu, nitakuwa nimemtukana baba yako kweli. Mpaka dakika hii sijamtukana." Akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Mke wangu alipofariki, baba yako alikuja hapa na ngazi. Watu wanalia, yeye anaegemeza ngazi ukutani. Akasema kaja kubandua bati lake alilonikopesha, kabla sijaoa mwingine akalihesabu kuwa la kwake. Nilicheka nikaanguka pale, pale uliposimama. Siku ile ndiyo niliyokula. Sasa mimi nikimwomba radhi leo, itabidi na yeye afufuke aje kuniomba. Miaka arobaini yote tutakuwa tulikuwa tunatukanana."

"Ni miiba sitini na mmoja, Mzee. Una miaka sabini na minne."

"Daktari atakuwepo?"

"Atakuwepo."

"Basi yaishe." Akaokota brashi. Kisha, bila kunitazama, akauliza, "Wewe mwenyewe huwezi kulizuia?"

"Hapana," nikasema.

Hilo ndilo nililomwambia, kwa mdomo huu. Angeniuliza mara ya pili huenda ningesema kweli. Hakuuliza. Aliniamini kwa sababu mimi ni mtoto wa Sefania.

*

Kesho yake saa nne nilimtazama Obedi. Siku hiyo alikuwa amebeba mtoto mchanga, sijui wake, sijui wa nani. Alipoona saa inakaribia alimlaza mtoto haraka kwenye mkeka asije akamwangusha, akarudi nyuma, akashika meza. Midomo ikaanza. Mtoto akawa anamtazama kwa chini akidhani anachezewa, akarusha miguu.

Nilitafuta huruma, nikaikosa. Natamani ningesema iliingia na nikaishinda, lakini haikuja kabisa. Nilichokiona ni yule mwanamume akisimama kesho saa nne na chai yake mkononi, midomo imetulia, huru, akiandika kwamba hata Idara imekubali ulikuwa utani tu.

Mambo mengine niliyajua pia. Nilijua kwamba mwaka mzima wa adhabu ya Obedi haukumrudishia binti yangu hata herufi moja, na kwamba mzee mmoja aliyelala shimoni alimrudishia neno zima kwa pumzi moja. Nilijua Namkunda alikuwa ameanza kuomba chumvi kwa mdomo. Nilijua nani kaalika na nani hakualika. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu, na ndicho kitu pekee ambacho Serikali ilinilipa nikijue. Wala sikuwa na haraka. Bi. Tatu alinipa siku nzima.

Maneno haya yameandikwa na mtu huyu. Alama.

Mtu fulani ameumia. Alama.

Aliyeumia hakuyaalika maneno haya.

Nikatia alama.

*

Ijumaa Mzee Temu alikuja kituoni na tai na kofia ya pama. Alimwuliza daktari kama na yeye ni Mpare, na alipoambiwa ndiyo akaomba apimwe na mtu mwingine, asije akaandikiwa dawa zilizokwisha muda. Daktari, kijana wa Ugweno, alicheka mpaka akakosea kufunga kifaa cha mapigo. Mimi sikucheka. Sheria inanitaka niwepo na nione.

Nikabonyeza.

Kwanza tabasamu lilibaki usoni pake kana kwamba limesahauliwa pale. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kupapasa pembeni ya kiti. Ulipapasa taratibu, unarudi, unapapasa tena, na mimi nilikuwa nimeshauona mkono ule. Ni wa mama, anavyotafuta asubuhi upande wa kitanda alikokuwa analala baba. Mdomo wake ukafunguka.

"Baba Nakijwa," akaita.

Nakijwa ni mimi. Hakuna mtu duniani aliyemwita baba hivyo isipokuwa mama, na Mzee Temu aliita kwa sauti ndogo, ya mtu asiyetaka kuamsha nyumba. Akaita tena. Alipokosa kuitikiwa akajikunja, kofia ikaanguka, akatoa sauti nisiyoweza kuiandika. Daktari alinitazama mara mbili. Nilimwonyesha saa. Dakika nne ni dakika nne.

Moyo wake ulihimili. Daktari alisema una nguvu kuliko wa kijana. Kwenye mtambo ikatokea ile sentensi inayotokea kila siku: Staha imerejeshwa.

Nilimwokotea Mzee Temu kofia, akaipokea kwa mikono miwili.

"Hicho ndicho anachoishi nacho?" akauliza. "Kila siku?"

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nacheka," akasema.

*

Tulianua tanga Jumamosi ya wiki iliyofuata, mchana. Sikuwa nimemwambia mama, na Mzee Temu hakumwambia. Mama aliamka mapema akaamuru kipikwe chungu kikubwa cha makande. Shangazi zangu walishangaa, kwa kuwa nyama ilikuwepo na wali ulikuwepo. "Nyie pikeni tu," mama akasema. "Acha aje ayaone." Alilitoa koti la baba kabatini, akalitundika kwenye msumari karibu na mlango, mahali ambapo mtani hawezi kupita bila kulinyakua na kukimbia nalo. Alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani. Wiki zote zile alikuwa amejikaza kwa sababu alijua siku hii inakuja. Nilimsikia akimwambia shangazi majibu aliyoyaandaa, la jogoo na la suti iliyochafuka kaburini, akijicheka mwenyewe.

Mzee Temu alipoingia getini watu walinyamaza na kuanza kutabasamu kabla ya wakati. Alivua kofia. Alisalimia kila mtu, mmoja mmoja, kwa mkono. Akaketi alipoonyeshwa. Akaletewa bakuli la makande, limejaa, mama mwenyewe amelibeba. Akala yote, kimya, akaweka kijiko.

"Chakula kizuri, mama," akasema. "Mungu awabariki."

Mama akaangua kicheko. Alidhani huo ni mwanzo. Wengine nao wakacheka, wakajisogeza.

"Enhe," mama akasema.

"Pole sana, mama. Pole kwa yote."

"Enhe. Na nini?"

"Ni hayo tu."

Mama alitazama huku na huku, bado ana kicheko mdomoni. "Temu. Koti la marehemu lile pale."

"Nimeliona," akajibu kwa upole. "Ni koti zuri. Mlitunze."

Namkunda alisimama kutoka kwenye mkeka wa wasichana. Nilimwona anavyokuja, na nilijua anachokuja kufanya, na nisingeweza kumfikia kwa kuwa watu walikuwa wengi kati yetu. Alisimama mbele ya mzee, akajiandaa.

"M-m-m—"

Mzee Temu hakumkatiza. Hakumwigiza, hakumwambia analipia. Alimtazama kwa huruma ya kweli, akangoja. Alingoja kwa subira, kichwa kimeinama kidogo, kama tunavyowangojea wagonjwa. "Usijali, mwanangu," akamwambia. "Sema polepole. Tunakusubiri."

Namkunda alifunga mdomo. Uso ulimwiva mpaka masikioni. Akageuka akaenda jikoni, na tangu siku ile chumvi anaiomba kwa kidole.

Mama alikuwa ameona yote. Alikaa chini pale pale, hakuangalia kama kuna kiti, shangazi akamwekea mkono mgongoni asianguke. Kitambaa kipya kilimlegea kichwani, naye hakukishika.

"Kumbe amekufa kweli," akasema.

Hakulia kwa sauti. Watu walingoja kilio ili wapate cha kufanya, hakikuja. Wakaanza kukusanya vyombo. Mzee Temu akainuka, akapita karibu na koti bila kuligusa, akafika mlangoni nilipokuwa nimesimama. Alikuwa na miaka sabini na minne. Alinibeba mgongoni nikiwa sijaota meno. Akaishika kofia kifuani, akainamisha kichwa, na macho yake hayakupanda juu ya viatu vyangu.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

"Marahaba," nikaitikia.